Mahandaki ya Bigo nayo ni ngome, yalindwe kabla hayajafukiwa

Ndugu Mhariri,

Kila mnapoandika habari za ngome na miji ya kale ya Afrika Mashariki, picha huwa ni zilezile: Husuni Kubwa kule Kilwa, magofu ya Gedi, Fort Jesus pale Mombasa, na mara mojamoja kuta za mawe za Thimlich Ohinga kule Migori. Ni mahali pa kujivunia na sina neno nazo. Naomba tu nafasi niseme habari za ngome ya udongo, isiyo na ukuta wala mnara wa kupigia picha, ambayo kwa sababu hiyohiyo inapotea mchana kweupe. Nayo ni Bigo bya Mugenyi, wilayani Sembabule nchini Uganda, upande wa kusini wa mto Katonga.

Mtu akifika Bigo bila mwenyeji anaweza kuipita akidhani ni malisho kama malisho mengine. Kumbe anakanyaga kazi ya mikono iliyochukua nguvu za watu wengi mno. Kuna handaki la nje, refu, lililopindapinda, lililoanzia mto Katonga upande wa mashariki na kwenda kushika kinamasi cha Kakinga upande wa magharibi. Ndani yake yapo maboma manne yaliyoshikana, nayo yamezungushiwa mahandaki na matuta yake. Ukiyajumlisha mahandaki yote unapata zaidi ya kilomita 10, na kuna sehemu yanakwenda chini kiasi cha mita 4, yamepita udongo na kuingia kwenye mwamba wenyewe. Vipimo vya kaboni vinaiweka kazi hiyo kati ya mwaka 1300 na 1500 hivi, yaani enzi ambazo Kilwa ilikuwa inang'ara pwani. Wakati huo hapakuwa na baruti ya kupasulia mwamba. Palikuwa na chuma kilichofuliwa na mafundi wa humuhumu, na mikono.

Nilifika huko wakati wa kiangazi, nikaongozwa na mzee mmoja mfugaji aliyezaliwa karibu na hapo. Juu kwenye tuta majani yalikuwa yamekauka, lakini ndani ya handaki yalikuwa bado mabichi na marefu kunifika mabegani, maana unyevu hukaa chini. Mzee alinipeleka mahali ambapo ng'ombe wamejifanyia njia ya kushukia mtoni. Hapo kwato zimeukata ukingo, udongo umemomonyoka, na ubavu wa mwamba uko wazi. Umechongwa ukasimama karibu wima kama ukuta wa kisima. Niliutazama kwa muda mrefu nikiwafikiria walioukata. Kisha nikatazama chini ya miguu yangu, nikaona udongo uliobomolewa na kwato hizo umeanza kujaza handaki. Mvua ikija inausambaza, majani yanaota juu yake, na baada ya misimu kadhaa panabaki bonde dogo tu. Mzee alisema utotoni mwake sehemu ile ilimfunika mtu mzima. Siku ile ilinifika kiunoni.

Hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Ukuta wa mawe ukianguka, mawe yenyewe yanabaki pale chini yakikuambia palikuwa na ukuta. Handaki likijaa halikuachii kitu cha kuonyesha, na mwenye trekta atakayefika kesho hatajua kwamba analima juu ya ngome.

Mtu anaweza kuuliza: mtu wa Bukoba, Tanzania, kama mimi yanamhusu nini ya Sembabule? Yananihusu. Masimulizi ya Bunyoro yanaieleza Bigo kuwa kazi ya Bachwezi, watawala waliokuja kutoweka, Ndahura na Wamara wakiwa mashuhuri kuliko wote. Jina la mahali hapo linamtaja Mugenyi, Mchwezi aliyempenda ng'ombe wake Bihogo hata ng'ombe huyo alipokufa akataka kujiua. Wamara huyohuyo wazee wetu wa Buhaya walimjua na kumtambikia, pamoja na Mugasha, bwana wa ziwa. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza haukuwagawa Bachwezi. Ngome hii ni urithi wa ukanda mzima wa maziwa makuu, na ndiyo maana nadhani gazeti la Kiswahili lina haki ya kuisemea.

Kuna madhara mengine ya kuiacha Bigo bila kuelezwa. Kwa muda mrefu wageni waliotembelea nchi hizi hawakukubali kwamba mtu mweusi wa bara angeweza kuunda dola kubwa peke yake. John Speke aliandika mwaka 1863 kwamba watawala wa nchi za maziwa ni uzao wa watu waliotoka Ethiopia, na waliomfuata wakaikuza dhana hiyo kwa namna zao. Tumeona katika eneo letu dhana za namna hiyo zilivyokuja kumwaga damu. Jibu lake limo ardhini. Afisa wa kikoloni aitwaye Baines aliandika juu ya ngome hizi mwaka 1909, Peter Shinnie akachimba Bigo mwaka 1957, na Merrick Posnansky, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, akachimba tena mwaka 1960. Walichokuta ni vigae vya vyungu vya watu wa nchi hiyohiyo, mifupa ya ng'ombe, na dalili za maisha ya wakulima na wafugaji wenyeji.

Kusini ya hapo kidogo pako Ntusi, kwenye vichuguu vikubwa vya takataka za kale vilivyojaa mifupa, mingi yake ya ng'ombe wachanga. Andrew Reid aliyepachunguza alionyesha kwamba watu walikaa hapo tangu karne ya 11 hivi, kabla Bigo haijachimbwa. Munsa, kule Bunyoro, Peter Robertshaw alikuta mahandaki ya namna hiyohiyo yaliyozunguka kilima chenye mwamba, pamoja na tanuri la kuyeyushia chuma, makaburi na shanga za kioo. Shanga za kioo hazikutengenezwa Bunyoro. Zilitoka ng'ambo ya bahari na kupita mikono mingi hadi kufika huko, nami ningependa mwanafunzi wa Lindi au Malindi ajue hilo.

Wapo wataalamu wanaosema Bigo haikuwa ngome ya vita, kwa kuwa handaki la nje ni refu kiasi kwamba jeshi la kulilinda lote lisingepatikana, na lina mianya mingi. Huenda ndani yake walilindwa ng'ombe, huenda ni mfalme aliyetaka kila apitaye aone uwezo wake wa kuwaita watu wakafanya kazi. Binafsi, baada ya kuona jinsi tawi moja la handaki linavyokwenda kuzunguka kivuko cha Katonga, naamini aliyelichora alikuwa anafikiria nani apite na nani asipite. Lakini hoja hiyo itaamuliwa na wachimbaji wa baadaye, na hawataweza kuiamua ikiwa tumewaachia shamba lililosawazishwa.

Tangu mwaka 1997 Bigo imo katika orodha ya awali ambayo Uganda ilipeleka UNESCO. Kenya ilipoisimamia Thimlich Ohinga, ikaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, na leo inatajwa kila mahali. Sisemi cheti cha UNESCO ndicho kitakachozuia kwato za ng'ombe. Nasema yako mambo ya kufanya sasa, yasiyongoja cheti wala fedha nyingi.

La kwanza ni kupima na kuweka bikoni kufuata mahandaki yote, ya ndani na ya nje, ili mwenye shamba na dereva wa greda wajue pa kuishia. Handaki la nje lisiachwe kwa sababu liko mbali na maboma ya katikati, kwani ndilo lililo hatarini zaidi. Baada ya hapo kila kilichobaki kiamuliwe pamoja na wafugaji. Nawasihi sana wahusika wasije na uzio wa seng'enge na amri ya kuhama. Ng'ombe ni sehemu ya Bigo tangu mwanzo, na malisho yao ndiyo yanayozuia vichaka vyenye mizizi ya kupasua matuta. Kinachohitajika ni kuchagua vivuko vichache, kuviimarisha kwa mawe na magogo, na njia zile nyingine kuzifunga kwa miiba kama wafugaji wanavyojua kufunga mazizi yao. Wachaguliwe vijana wa hapohapo kuwa walinzi na waongozaji, walipwe kwa mwezi, siyo kwa kutegemea bahati ya mgeni kupita.

Kwetu Kagera tuna mfano. Pale Katuruka, karibu na Maruku, ambapo wataalamu walikuta mabaki ya uyeyushaji chuma ya zaidi ya miaka 2,000, wanakijiji wenyewe waliungana wakajenga upya nyumba ya Mukama, yaani mfalme, Rugomora Mahe na kuwa wasimulizi wa historia yao. Wazee wa Sembabule hawashindwi.

Walimu nao nina ombi kwao. Ukimfundisha mtoto Zimbabwe Kuu na Kilwa, mchoree na Bigo ubaoni: mto huku, kinamasi kule, handaki katikati. Mchoro huo hauchukui dakika nyingi.

Na kwako Mhariri: tuma mwandishi na mpiga picha mwezi wa saba, majani yakiwa mafupi. Wafike asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa limeinama, maana saa sita mchana hakuna kivuli na mahandaki hayaonekani kwenye picha. Wamtafute mwenyeji awaonyeshe pale kwenye njia ya ng'ombe, wapime kina cha handaki kwa futikamba na wakichape pamoja na tarehe, ili atakayekwenda mwakani apate cha kulinganisha.

Msomaji wenu,
Bukoba, Kagera