Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza na Habari za Klabu ya Peintiboli

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Mwanza,
Juni.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA MWANZO WA KLABU YA PEINTIBOLI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ripoti ya maendeleo ya mtoto wako imeambatanishwa na barua hii, na kwa kuwa walimu wa madarasa wameandika maoni yao kwa kirefu, mimi sitayarudia. Nimekusudia kueleza jambo moja tu, ambalo limewafikia wengi wenu kwa uvumi kabla sijapata nafasi ya kulisema mwenyewe, yaani kwamba shule imeanzisha klabu ya kuwafundisha watoto kupigana bunduki. Habari hiyo si ya kweli, ila haikuzuka hivi hivi, na mna haki ya kujua ilikotoka.

Mwezi Januari kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita hapa kwetu, na ambaye sasa anasoma chuo kikuu nchini Marekani, aliwaandikia wadogo zake barua ndefu kuhusu klabu ya chuo chake ya peintiboli, mchezo wa kufyatuliana vipira vyenye rangi ndani yake. Alieleza jinsi klabu ile ilivyoanzishwa na wanafunzi wachache wa bweni moja, waliokuwa wakichangishana fedha za kununua katoni moja ya vipira 2,000 na kugawana kwa kuhesabu, wakikodi barakoa kiwanjani na kusafiri wote katika gari moja lililochoka. Baadaye waliandika katiba, wakachagua mwekahazina, na chuo kilipowatambua wakaanza kushindana na vyuo vingine. Mimi nilivutiwa na habari za katiba na mwekahazina. Vijana wetu walivutiwa na kufyatua, na barua ile ilizungushwa mabwenini mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Matokeo yake yalionekana Februari. Wavulana kumi na wanne wa kidato cha tatu walikutwa nyuma ya bweni, katikati ya mawe makubwa yanayoteremka kuelekea ziwani, wakilengana kwa manati. Risasi zao zilikuwa vidonge vya unga wa muhogo uliokandwa kwa maji ya bluu ya kufulia na kuanikwa juani. Aliyebuni kitu hicho ana akili, sikatai, lakini kidonge cha muhogo kikikauka huwa kigumu kama kokoto, na mmoja wao alivimba juu ya jicho kwa siku nne. Wazazi wake niliwaita siku ile ile na ninawashukuru kwa uvumilivu wao. Mashati yaliyochafuka waliyafua wenyewe, na bluu ikiwa nyingi kiasi kile haing'arishi nguo nyeupe, bali huiharibu.

Badala ya kuufunga mjadala kwa adhabu peke yake, niliwaagiza wakatafute mchezo huo ulianzaje, kisha waje kuwasomea wenzao mstarini. Walichokipata kilinishangaza hata mimi. Bunduki ya kwanza ya rangi haikutengenezwa kwa ajili ya mchezo wala vita. Ilikuwa chombo cha kazi, kilichotumiwa na watu wa misitu kutia alama miti ya kukatwa na wafugaji kutia alama ng'ombe wakiwa mbali nao. Wazazi wetu wenye mifugo watakuwa wa kwanza kuelewa faida yake. Mchezo wenyewe ulizaliwa kutokana na ubishi. Hayes Noel, aliyekuwa akifanya biashara ya hisa New York, alishikilia kwamba mtu aliyezoea purukushani za mjini anaweza kujiokoa popote, hata porini, ilhali rafiki yake Charles Gaines, mwandishi aliyeishi mashambani, alisema porini atashinda mtu wa pori. Wakishirikiana na Bob Gurnsey kutunga sheria, waliumaliza ubishi huo tarehe 27 Juni 1981, katika msitu wa Henniker, jimbo la New Hampshire. Wachezaji walikuwa 12, kila mmoja akicheza peke yake, na aliyetakiwa kushinda ni yule atakayekusanya bendera kutoka vituo vilivyofichwa msituni bila kupigwa rangi. Mshindi alikuwa bwana miti mmoja, Ritchie White, naye alizikusanya bendera zote bila kufyatua hata mara moja.

Kijana aliyekuwa akisoma alipofika hapo, mstari mzima ulinyamaza, kisha wa kidato cha pili wakaanza kucheka.

Mwalimu wa Fizikia naye aliongeza la kwake. Kipira cha peintiboli kina kipenyo cha milimita 17 hivi na uzito wa gramu 3 hivi, na viwanja vingi huko Marekani huweka ukomo wa mwendo usiozidi futi 300 kwa sekunde, ambao ni kama mita 91. Wanafunzi walipiga hesabu wakapata nishati ya jouli 12 na ushei, sawa na jiwe la kilo moja lililodondoshwa kutoka urefu wa mita moja na robo. Mwilini hilo ni alama ya kuvilia damu, lakini jichoni ni upofu, na ndiyo maana katika viwanja vinavyoendeshwa vizuri mchezaji anayevua barakoa katikati ya mchezo hutolewa nje bila majadiliano. Miwani ya maabara, waliyokuwa wameivaa wapiganaji wetu wa Februari, imetengenezwa kuzuia matone ya kemikali na haiwezi kuhimili kishindo hicho.

Kwa hiyo mwezi Machi niliruhusu klabu ianze, ikiwa na katiba ya kurasa mbili, mwekahazina wa kidato cha tatu ambaye ni mkali kuliko mhasibu wa shule, mwalimu mlezi, na bendera, bila bunduki wala manati. Kila mchezaji hufunga kitambaa kiunoni, na kikinyakuliwa ametoka. Wameingia wasichana 19 na wavulana 23. Mchezo wa kwanza ulikuwa vurugu tupu, kwa kuwa kila mtu alikimbilia bendera moja, na wa pili ulichelewesha chakula cha mchana kwa sababu timu moja ilijificha mawe ya juu vizuri mno hata waamuzi wakashindwa kuwaita. Tangu hapo mwisho wa mchezo hutangazwa kwa kengele.

Limebaki suala moja. Kijana wetu aliyeko Marekani ameandika tena kwamba klabu ya chuo chake iko tayari kututumia barakoa na bunduki za rangi zilizotumika. Nimemjibu kwamba barakoa tutazipokea kwa shukrani. Kuhusu bunduki nimekataa kutoa jibu peke yangu, kwa sababu kitu chenye umbo la silaha hakiingizwi nchini wala shuleni kwa hiari ya Mkuu wa Shule, na hatua yoyote itasubiri maelekezo ya maandishi ya Jeshi la Polisi pamoja na uamuzi wa Bodi ya Shule, ambayo itakutana mwezi Julai. Msimamo wangu mbele ya Bodi utakuwa kwamba tuendelee na vitambaa angalau mwaka huu, lakini ningependa kuingia kikaoni nikiwa na maoni yenu, hata yanayopingana na yangu.

Fomu ya maoni imeambatanishwa. Tafadhali ijaze, uitie sahihi na umkabidhi mtoto airudishe siku ya kufungua shule. Aidha, miwani miwili ya maabara bado haijaonekana tangu Februari. Mzazi atakayeikuta kwenye sanduku la mtoto wakati wa likizo anaombwa airudishe pamoja na fomu hiyo, na hakuna atakayeulizwa swali.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule