Barua kutoka Rotterdam: nyumba ya Manzese isiuzwe

Rotterdam, Uholanzi
5 Machi 2025

Kwa Baba Mdogo,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe pamoja na Mama Mdogo na watoto wote, na kwamba mmeuanza mwezi mtukufu kwa afya njema. Sisi huku hatujambo. Tunafunga, na baridi imeanza kulegea. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu suala la kuuza nyumba yetu ya Manzese halizungumziki vizuri kwenye simu inayopokezanwa na watu sita, na kwa kuwa kikao cha familia kimepangwa baada ya Idi, ningeomba haya niliyoyaandika yasomwe mbele ya wote, Mama akiwepo.

Maelezo ya dalali nimeyapata. Mnunuzi anataka kuvunja nyumba ili ajenge fremu za maduka chini na vyumba vya wageni juu, na fedha anayoahidi inatosha kununua kiwanja kikubwa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kusimamisha nyumba ya kisasa yenye geti na uzio. Hesabu hiyo siipingi, kwa maana ukilinganisha tofali kwa tofali, Chanika inashinda. Ila dalali amehesabu nyumba akaacha kuhesabu mahali ilipo, na mnunuzi, ambaye si mjinga, analipia mahali tu. Hizo kuta za Babu atazibomoa siku ya kwanza.

Vijana wetu wengi hawajui mtaa ule ulivyoanza, na pengine ni vyema ukawaeleza kikaoni. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji wa Dar es Salaam kwa rangi za watu: Uzunguni kwenye upepo wa bahari hadi Oysterbay, Uhindini katikati, na Uswahilini kuanzia Kariakoo kwenda ndani, huku Mnazi Mmoja pakiachwa wazi pawe mpaka. Ilala, na baadaye Magomeni, Kinondoni na Temeke, zilipimwa kwa ajili ya Waafrika, lakini viwanja havikuwahi kutosha. Waliokosa walisogea hadi pale vipimo vilipoishia, wakanunua kwa Wazaramo vipande vya mashamba yenye minazi na mikorosho, wakajenga kandokando ya Barabara ya Morogoro. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipofunguliwa mwaka 1968, wafanyakazi wakahitaji pa kulala karibu na kazi, na ndipo Babu, kama majirani zake, alipoongeza vyumba vya uani na kuanza kupangisha. Miaka ya 1970 Serikali, badala ya kuivunja Manzese, iliiingiza katika mpango wa kuboresha makazi uliokopewa fedha na Benki ya Dunia, ikapitisha barabara, maji na taa. Mpango huohuo ndio uliopima viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Kwa hiyo mtu akija na maneno kwamba sisi ni wavamizi, msimnyamazie. Babu alinunua, akalipa, na karatasi ya mauziano ikaandikwa mbele ya mashahidi.

Sasa tutazame nyumba hiyo inafanya nini kwa siku moja. Mama anaamka alfajiri kukaanga vitumbua, na kabla jua halijachomoza wateja wake wa kwanza, ambao ni wapangaji wetu wenyewe na wale wa nyumba ya pili, wamekwishachukua. Ndizi anazifuata Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, mchele anaununua soko la Tandale, na vyote viwili vinafika nyumbani kwa nauli ndogo ya bodaboda au kwa miguu. Mdogo wangu anapanda mwendokasi kituo cha Manzese, anashuka Kariakoo kwenye meza yake ya mikoba, na mzigo ukiisha mchana anaweza kurudi kuchukua mwingine aliouhifadhi chumbani. Vyumba vinne vya uani vinaleta kodi, na kodi hiyo ndiyo iliyomlipia Mama hospitali mwaka juzi nilipokuwa sina kazi huku. Tena wapangaji hawa si watu baki: mmoja ndiye aliyempeleka Mama hospitali usiku ule, na mwingine, fundi cherehani, hulipa sehemu ya kodi yake kwa kuwashonea watoto sare za shule.

Nenda kwenye duka la Mangi pale kona, Baba Mdogo, usimame kwa nusu saa uone biashara inavyokwenda. Mafuta ya kula yanapimwa kwa kikombe, sukari robo, sabuni ya mche inakatwa vipande, majani ya chai yamefungwa kwenye vikaratasi vya matumizi ya siku moja, na daftari la madeni limewekwa pale mkono unapofika. Wenye fedha husema kununua hivyo ni hasara kwa kuwa bei ya jumla ni nafuu, nao wanasema kweli. Lakini anayelipwa kwa siku hana fedha ya kununua ndoo nzima ya mafuta, na Mangi anamjua yupi atalipa Jumamosi na yupi hatalipa. Chanika yapo maduka, sikatai, lakini hakuna daftari lenye jina la Mama, na jina huchukua miaka kuandikwa humo.

Najua wanetu wanatamani maisha ya Mlimani City, na siwalaumu, maana hata mimi nilikuwa nakwenda pale Jumapili kuzungukazunguka kwenye viyoyozi, kula aiskrimu na kurudi nyumbani sijanunua kitu. Kituo kile kilifunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wengi tulidhani kwamba magenge yatakufa. Kilichotokea ni kwamba Shoprite waliondoka, Nakumatt wakaingia mahali pao mwaka 2014 nao wakaanguka, na Game wakafunga mwaka 2022, wakati genge la nyanya lililo mbele ya nyumba yetu liko palepale, chini ya mwavuli uleule. Maduka makubwa yataendelea kuja, na mimi nafurahi yakija, kwa sababu yanaajiri vijana wetu. Lakini mkaa wa Mama na dagaa wa kupima havitauzwa humo.

Kuhusu umbali, naomba tusidanganyane. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Mji unaotanuka kwa kasi hiyo hupeleka watu pembezoni huku kazi zikibaki ndani, na gharama yake inalipwa na anayesimama kituoni saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Chanika, mdogo wangu atapita Gongo la Mboto katika msongamano wa Barabara ya Nyerere, na akifika Kariakoo, wenzake wameshauza. Mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu wa bonde la Msimbazi walipohamishiwa Mabwepande: walipewa viwanja halali, vilivyopimwa, mbali na maji, na bado kuna walioviacha wakarudi kupanga mjini kwa sababu huko hapakuwa na kibarua. Viwanja vilikuwa vizuri. Njaa ndiyo iliyowarudisha.

Huku ninakoishi nimeyaona mambo hayohayo yakivaa koti la Kizungu. Mtaa wetu uko Rotterdam Kusini, karibu na soko la Afrikaandermarkt linalopangwa kila Jumatano na Jumamosi, ambapo napata bamia, ndizi mbichi na samaki mzima mwenye kichwa chake. Na ukitaka hewa ya duka kubwa, lipo jengo la Zuidplein lililofunguliwa mwaka 1972. Hatua chache kutoka sokoni kulikuwa na nyumba za kupanga za bei nafuu, katika kijimtaa kiitwacho Tweebosbuurt, na mwaka 2018 uliamuliwa ubomoaji wa nyumba zaidi ya 500 ili zijengwe mpya, ambazo zilizo nyingi si za watu wa kipato kile. Wapangaji walitafutiwa makazi kwa utaratibu, barua zikaandikwa, fidia ya kuhama ikalipwa. Hakuna aliyelala nje. Lakini walitawanyika, mmoja huku na mwingine kule, na mama wa Kimorocco aliyekuwa akinishikia mtoto nikienda zamu ya usiku anaishi sasa mwendo wa saa nzima kutoka kwangu. Nchi hii ina sheria na fedha, na bado ujirani haukufidiwa. Sisi tutafidiwa na nani tukijihamisha wenyewe?

Sitaki mdhani nimesahau adha za Manzese kwa kuwa niko mbali. Njia ya kuingia kwetu haipitishi gari, na siku nyumba ya tatu ilipowaka moto, ndoo ndizo zilizouzima. Masika yakianza, wapo wanaotapisha vyoo usiku ili mvua ichukue uchafu, ukapita mlangoni kwa watu na kuishia Mto Ng'ombe, na kipindupindu kikifika mjini hakikosi kupita kwetu. Mradi wa DMDP, ule wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, umeujenga mto ule na barabara kadhaa za jirani, na watu wa Tandale wamepata nafuu. Ila choo cha nyumbani kwetu hakuna mradi utakaokuja kukijenga. Hayo ndiyo ninayotaka tuyatolee fedha. Shimo letu limejaa, na njia iliyo karibu nalo hairuhusu gari la majitaka kusogea. Nimeambiwa kuna vijana wenye mashine ndogo ya kunyonya inayosukumwa kwa mkono, inayoingia hata kwenye vichochoro. Waiteni kabla masika hayajakolea, na gharama ni juu yangu.

Kuhusu karatasi, nina wasiwasi zaidi kuliko kuhusu mnunuzi. Leseni ya makazi ambayo marehemu Baba aliichukua zile zilipoanza kutolewa ilikuwa ya muda, na muda wake ulikwisha zamani. Wala leseni si hati. Isitoshe, iliandikwa kwa jina lake yeye, naye ametutoka, na mpaka leo hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa. Kwa hali hiyo, hata kama sote tungekubali kuuza, muuzaji halali hayupo, na mnunuzi mwenye haraka ya kulipa bila kuuliza jambo hilo amenitia shaka. Napendekeza kikao kikuchague wewe pamoja na Mama, muhtasari uandikwe na kusainiwa na wote, mwende Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, na baada ya hapo mfuatilie urasimishaji pale ofisi ya serikali ya mtaa, ili kiwanja kipimwe, bikoni, yaani mawe ya mipaka, ziwekwe mbele ya majirani wa pande zote, na hati itoke ikiwa na majina ya warithi. Wenye kutaka michango ya upimaji wadaiwe stakabadhi, na fedha isipewe mtu mkononi, hata akiwa ndugu.

Wapo watakaosema kwamba ghorofa ndilo linalolipa, na mfano watautoa Kariakoo, ambako nyumba nyingi za Kiswahili zimegeuka majengo marefu. Kweli, na baadhi ya wenye viwanja walifanya busara: hawakuuza, waliingia ubia na mjenzi, wakabaki na fremu au sakafu yao. Siku tukiwa na hati mkononi, mlango huo utakuwa wazi kwetu pia, nami sitaupinga, ilimradi mkataba upitie kwa wakili na michoro isainiwe na mhandisi anayetambulika, maana jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba mwaka jana liliua watu waliokwenda kutafuta riziki tu. Magomeni Kota nako kaya 644 zilizokuwa zimevunjiwa nyumba zilirudi palepale kwenye maghorofa mapya yaliyozinduliwa mwaka 2022. Walirudi kwa sababu walijulikana kwa majina, na waliidai ahadi yao miaka yote hiyo bila kuchoka. Anayeuza hana ahadi ya kudai.

Mkiona bado mnataka Chanika, basi kinunuliwe kiwanja kidogo kwa akiba, taratibu, na mimi nitachangia theluthi, kitamfaa mjukuu. Mama asihamishwe. Nimemuuliza mwenyewe kwa simu wiki iliyopita, mmoja kwa mmoja, na alinijibu kwamba yeye hana neno, wakubwa wakiamua ataondoka. Baba Mdogo, unamjua shemeji yako: akisema hana neno, analo.

Fedha ya futari nimeituma juzi kwa namba ya mdogo wangu. Nusu ni ya nyumbani, nusu apewe fundi cherehani, ambaye nimesikia cherehani yake imeharibika. Ya choo nitaituma mshahara ukitoka, na naomba mnitumie kwanza bei waliyoitaja wale vijana wa mashine pamoja na picha ya shimo. Dalali akipiga tena, mpeni namba yangu.

Wasalimie wote, na Mangi pia.

Ni mimi binti yenu mkubwa.