Nijaze fomu ya chama cha wafanyakazi au nisubiri kwanza? Naombeni ushauri

Shikamoo Anti, na wasomaji wenzangu habari zenu. Naomba mnisome mpaka mwisho hata kama nitarefusha, kwasababu hili jambo kila ninaemuuliza ananijibu kivyake na mimi Ijumaa ya wiki ijayo natakiwa niwe nimeshatoa jibu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi kiwandani hapa Dar es Salaam upande wa pakingi, kiwanda naomba nisikitaje. Wengi wetu tulianza kama deiwaka, asubuhi mnasimama getini, supavaiza akikuchagua unaingia asipokuchagua unarudi nyumbani na nauli imeshaenda. Baadae baadhi yetu tukapewa mikataba ya mwaka mmoja mmoja na ndio tunaendelea nayo, ukifika mwezi wa kumi na mbili unaitwa ofisini unasaini tena. Mshahara wangu ni 320,000 kabla ya makato, hapo itoke NSSF, itoke kodi ya serikali, nauli, kodi ya chumba, shule, kinachobaki nyie wenyewe mnajua.

Sasa kuna watu wa chama cha wafanyakazi wamekuwa wanakuja getini muda wa kubadilishana shifti wanagawa fomu. Ukijaza ile fomu unakuwa umemruhusu mwajiri akukate asilimia 2 ya mshahara kila mwezi apeleke chama. Kwangu mimi ni 6,400. Najua kuna mtu atasoma hapa aseme elfu sita nayo ni ya kuandikia barua, ila kwangu hiyo ni kilo mbili za mchele, na mchele nyumbani kwangu unapimwa.

Lakini hela peke yake isingenifanya nikose usingizi. Tatizo ni kwamba wale watu wa chama wanasema wamebakiza kidogo kufika nusu. Wenye mikataba tupo kama mia mbili na kitu, na sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa sehemu husika, mwajiri anatakiwa akitambue kuwa ndio msemaji wa wafanyakazi wote, na hapo hawezi tena kukwepa kukaa nao mezani kuzungumzia mishahara, posho ya usiku, usafiri wa shifti ya usiku, ndio ule mnaosikia unaitwa mkataba wa hali bora. Chini ya nusu wanapiga hodi tu. Kwahiyo kila fomu sasa hivi inahesabiwa, na sisi wa pakingi ndio wengi na ndio hatujajaza. Yaani macho yote yapo kwetu, ya chama na ya ofisini.

Na ofisini wameshaanza. Hamna aliekuja kusema waziwazi msijiunge, supavaiza alipita tu kwenye laini akasema mwaka huu mikataba itaangaliwa upya, wenye mambo mengi watapumzishwa. Hakumtaja mtu ila kila mmoja alielewa, na kesho yake wawili waliokuwa wamejaza wakahamishwa shifti ya usiku tupu. Inawezekana ni ratiba ya kawaida, sijui, ila kwenye pakingi watu wameogopa mpaka ile fomu mtu anaikunja anaificha kwenye soksi.

Nimejaribu kusoma na kuuliza. Nimeambiwa mwajiri haruhusiwi kumbagua wala kumfukuza mtu kwasababu kajiunga na chama, hiyo ipo kwenye sheria. Nimeambiwa pia hata mkataba wa muda maalum, kama mtu ulikuwa na sababu za msingi za kutegemea utaongezewa, mfano umeongezewa mara kadhaa kwa kazi ile ile, halafu ghafla wakakataa, sheria inahesabu kwamba umeachishwa kazi na unaweza kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, kudai. Haya, ni maneno mazuri kwenye karatasi. Ila Anti, mtu anaelala na njaa mwezi wa kwanza huku shauri lake linasubiri kupangiwa tarehe, ile sheria inamsaidiaje kulipa ada ya mtoto? Watoto wanafungua shule Januari hiyo hiyo.

Halafu kuna habari ya zamani hapo hapo kiwandani. Kabla mimi sijaingia kulikuwa na tawi la chama, watu walikuwa wanakatwa na wanalipa vizuri tu. Wakaja kufukuzwa wenzao wawili, wakakimbilia kwa viongozi wa tawi, wakaambiwa tulieni tunalishughulikia. Wakatulia. Kumbe mtu ukifukuzwa una siku 30 tu za kupeleka malalamiko CMA, zikipita unaanza kwanza kuomba uongezewe muda na ueleze kwanini ulichelewa. Siku zikapita wale wanasubiri viongozi. Mmoja wao sasa hivi anauza mihogo ya kukaanga pale kituoni, ukimuuliza habari za chama anakwambia wao walichoona cha hela yao ni fulana na kofia za Mei Mosi. Mimi huyu mama namheshimu na maneno yake siwezi kuyapuuza, kwasababu yeye alilipa na siku aliyowahitaji hakuwaona.

Dada yangu nae ni mwalimu mkoani, anakatwa asilimia 2 hiyo hiyo, na yeye hakuwahi kujaza fomu yoyote. Nilishangaa sana kwamba inawezekanaje. Alipofuatilia akaelezwa kwamba ile kwake sio ada ya uanachama, inaitwa ada ya uwakala. Yaani chama kikishatambuliwa kina ruhusa ya kukubaliana na mwajiri kwamba hata wasio wanachama wakatwe, kwasababu na wao wanafaidi kile kitakachopatikana kwenye mazungumzo. Sheria inasema ada hiyo isizidi ile wanayolipa wanachama, iwekwe kwenye akaunti yake ya peke yake na itumike kutetea maslahi ya wafanyakazi wa sehemu hiyo, na hakuna mtu wa kulazimishwa kuwa mwanachama. Sawa. Lakini dada anakatwa hela sawa na mwanachama halafu kwenye uchaguzi wa viongozi hapigi kura. Hilo limeniingia sana, kwasababu maana yake wenzangu wakijaza wakafika nusu bila mimi, na wakakubaliana hivyo, 6,400 yangu inaweza kuondoka vile vile na sitakuwa na pa kusimama kuuliza imefanya nini. Sasa kusubiri kwangu kutakuwa kumenisaidia nini hasa?

Naomba niwaambie na la upande wa pili, maana bila hili ningekuwa nimeshakataa zamani.

Kuna mwenzetu mashine ya kufungia maboksi ilimkata vidole viwili. Ofisini wakasema uzembe wake, wakampa hela ya pole na gari la kumpeleka hospitali, basi. Akakaa nyumbani akiamini ndio imeisha. Aliyemuokoa ni mzee mmoja jirani yao, aliwahi kuwa katibu wa tawi kwenye kiwanda kingine huko nyuma na sasa amestaafu. Yule mzee ndio akamweleza kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, anaechangia ni mwajiri peke yake mfanyakazi hakatwi hata shilingi, na kwamba fidia ile unapewa kwasababu umeumia ukiwa kazini, hawaanzi kutafuta nani mzembe. Akamsindikiza, akambana mwajiri atoe taarifa, akamjazisha makaratasi, na mwenzetu amelipwa. Hakulipwa utajiri lakini amelipwa haki yake. Mimi nilikuwa naenda kumuona nyumbani kwake na naona yule mzee anavyofungua faili lake anajua fomu ipi inaenda wapi, nikawa nawaza, pakingi nzima tulivyo wote pale hamna hata mmoja aliekuwa anajua huo mfuko upo. Wote! Na makaratasi ya WCF nadhani yalikuwa yapo ofisini siku zote. Kama tungekuwa na tawi linalofanya kazi yule dada asingekaa nyumbani akisubiri huruma ya jirani.

Kwahiyo nikisikia mtu anasema vyama havina faida nabisha, na nikisikia mtu anasema jaza tu chama kitakutetea nabisha pia. Vyote nimeviona kwa watu ninaowajua.

Mume wangu hataki kabisa. Yeye ni bodaboda, anasema hivi vyama toka enzi vipo kwa ajili ya wakubwa, na ananitolea mfano wa babu yangu mimi mwenyewe. Babu alikuwa kuli bandarini hapa Dar, alikuwa anatusimulia mgomo wa makuli wa mwaka 1947 ulivyoanzia pale bandarini ukasambaa mpaka miji ya bara kwenye reli, na baada ya hapo mishahara ikapandishwa. Hapo babu alikuwa anasimulia anasimama kabisa. Ila akifika 1964, vyama vilipofutwa ikabaki NUTA moja ya nchi nzima, katibu mkuu wake anateuliwa na Rais na huyo huyo ndio Waziri wa Kazi, babu sauti inashuka, alikuwa anasema sasa ukigombana na serikali unaenda kumshitaki waziri kwa nani, kwa yeye mwenyewe? Mume wangu anakishika hicho kipande cha mwisho tu. Mimi namwambia hayo yamepita, siku hizi sheria inaruhusu vyama vingi, mkikichoka kimoja mnaweza kuhamia kingine au kuanzisha chenu, na hata mtu mmoja akitaka kutoka anaandika barua kwa mwajiri na kwa chama, notisi ya mwezi mmoja, makato yanasimama. Ananijibu wewe andika barua uone kama yatasimama kweli. Tunaishia hapo, tunalala.

Sasa kilichoniletea Ijumaa ni hiki. Wale watu wa chama wamenifuata mimi binafsi, wanataka nijaze na nikubali jina langu lipendekezwe kuwa mwakilishi upande wa wanawake, kwasababu wanasema wanawake wa pakingi wananisikiliza, nikijaza mimi watajaza. Na ni kweli, kuna dada kama kumi hivi wameniambia kwa mdomo wao, wewe ukijaza na sisi tunajaza. Hapo ndipo nilipokosa raha. Kama ningekuwa naamua kwa ajili ya 6,400 yangu ningeamua usiku mmoja. Lakini hawa wengine ni wadogo, wengine wana watoto wachanga, mmoja ni mjamzito na anajua kabisa kwamba zile siku 84 za likizo ya uzazi ni haki yake kisheria ila anaogopa hata kuitaja ofisini. Nikijaza wakanifuata halafu Disemba wakakatwa mikataba, nitaangaliana nao vipi? Na nisipojaza, huyo mjamzito nani atamsemea?

Niliwauliza wale watu wa chama maswali mawili mbele ya wenzangu. La kwanza, hela yetu ikikatwa ni kiasi gani kinarudi kufanya kazi hapa kwenye tawi na kiasi gani kinaenda makao makuu, na tutaonyeshwa wapi. La pili, mtu akifukuzwa leo, ni nani kwa jina na kwa namba ya simu atamsindikiza CMA ndani ya siku 30. La pili walinijibu vizuri, wakanipa na namba ya ofisa wao wa kanda. La kwanza walizunguka zunguka, wakasema mtaambiwa kwenye mkutano mkuu wa tawi. Nikasema tawi halipo bado, mkutano utatoka wapi? Wakacheka, wakasema dada una maswali. Sikupenda kile kicheko.

Anti na wasomaji, naombeni mnisaidie, hasa nyie mliowahi kufanya kazi viwandani, mashambani, mahotelini, bandarini, popote penye chama. Kuna njia ya kujaza fomu tukiwa wengi kwa siku moja ili asionekane wa kwanza nani wa mwisho nani? Nimewaza tukusanye fomu zote za pakingi tuzipeleke pamoja lakini sijui kama itatulinda au ndio tutaonekana tumepanga njama. Nikiwaambia chama wanipe kwa maandishi utaratibu wa mapato na matumizi ya tawi kabla sijasaini, nitakuwa nadai kisichowezekana? Na kama kuna aliewahi kunyimwa mkataba mpya baada ya kujiunga na chama akaenda CMA, naomba aniambie ilimchukua muda gani na aliishi vipi kipindi kile anasubiri, hilo kwangu ni muhimu kuliko yote. Na wewe ambae ulikataa kujiunga na unaona ulifanya vizuri, niambie kwanini, sitakubishia.

Mkiweza nijibuni kabla ya Ijumaa, hata wale dada zangu wa pakingi nitawasomea majibu yenu muda wa chakula.

Ni mimi mama wawili, pakingi, Dar es Salaam.