Kuhusu mawimbi uliyoniuliza

Goma

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani huko Lubumbashi. Umeniandikia kwamba wanafunzi wako wameikariri kanuni ya mawimbi, yaani kasi ni frikwensi (idadi ya mitetemo kwa sekunde) mara urefu wa wimbi (umbali kutoka wimbi moja hadi linalofuata), lakini sauti inapotoka hewani na kuingia majini hawajui ni kipi kinabadilika. Kwa maoni yangu, shida ni kwamba kanuni hiyo huandikwa ubaoni kana kwamba vipimo vyake vitatu vina mamlaka sawa, na havina. Frikwensi huamuliwa na chanzo, kasi huamuliwa na kitu ambamo wimbi linapita, na urefu wa wimbi hufuata hivyo viwili.

Chukua noti ya hertzi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Hewani sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, hivyo urefu wa wimbi lake ni karibu sentimeta 77. Majini kasi hufika takribani mita 1,480 kwa sekunde, kwa sababu maji hayakubali kushindiliwa kwa urahisi kama hewa, na urefu wa wimbi unapita mita 3. Zile 440 hazibadiliki: kila hewa inapousukuma uso wa maji, maji nayo husukumwa mara moja tu, wala hakuna msukumo unaopotea au kuzaa mwingine. Hapo ningekaa somo zima.

Kwamba wimbi husafirisha nishati bila kuhamisha maji yenyewe, hilo halitakuchukua muda. Huku kwetu nawaonyesha watoto bidoni tupu inayoelea Ziwa Kivu boti ikipita: hupanda, husogea mbele kidogo, hushuka, hurudi karibu pale pale, huku mawimbi yakiendelea hadi ufukweni.

Tafadhali usiyaache matetemeko, ambayo sisi tuliyajua vizuri baada ya volkano yetu ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili katika mwamba ule ule: yanayousukuma na kuuvuta kuelekea yanakokwenda, nayo hutangulia, na yanayoutikisa kwa kukingama, ambayo hayapiti kabisa ndani ya kimiminika. Kama ya kwanza yanakwenda kilometa 6 kwa sekunde na ya pili 3.5, kila sekunde moja kati ya mishtuko hiyo miwili ina maana ya kilometa 8 hivi hadi chanzo. Wape hesabu hiyo, nawe uniandikie wameifikiaje.

Ni mimi nduguyo.