Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sampuli Tunazogawana na Zile Tulizopoteza

Wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii ya utafiti, wanachama wenzangu, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu, hamjambo.

Tumekutana tena Kisumu, na nitaanza na mbu wa mji huu. Mwaka 1975 walikusanywa hapa mbu aina ya Anopheles gambiae, wakafugwa maabarani, na uzao wao haujakatika hadi leo. Duniani kote wanaitwa “Kisumu”. Mtafiti akitaka kujua kama chandarua kingali na dawa, huwaweka mbu hao juu yake kwa dakika 3 ndani ya koni ya plastiki, kisha huhesabu waliokufa baada ya saa 24. Mbu hawa hawana usugu wa dawa. Wasipokufa, kasoro iko kwenye chandarua au kwa anayepima. Wamo Benin, wamo Burkina Faso, na Marekani wako katika hazina ya BEI, ambayo huwapa watafiti wanaoomba. Lau wangefungiwa chumba kimoja, siku moja tu ya uzembe ingetosha kuwamaliza. Wamedumu kwa sababu waligawanywa.

Mwaka huu sisi wenyewe tumeonja pande zote mbili, kutogawana na kugawana.

Wikendi ya Pasaka stima ilipotea katika maabara ya mmoja wa wanachama wetu. Jenereta iliwaka, ikaishiwa na mafuta, na mlinzi wa zamu hakuwa na namba ya kupiga. Jumanne asubuhi walipofungua friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, maji yalimwagika hadi mlangoni. Walikuwamo bakteria waliokusanywa kwa miaka mingi kwenye fuo za ziwa: Dunga, Usoma, Usenge. Daftari linaloeleza kila mmoja alitoka ufuo gani bado lipo. Bakteria hawapo. Hakuna maabara nyingine iliyokuwa na nakala hata moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuomba na hakuna aliyewahi kupewa. Nilipofika nilimkuta fundi aliyewatunza ameketi kwenye ngazi, glavu bado mkononi. Aliniambia, “Mwalimu, hata sijui nianze kutupa gani.” Maneno hayo hayajanitoka.

Upande wa pili ni habari ya mwanafunzi wa uzamili kutoka Bondo. Alikuwa akingojea plasmidi kutoka ng'ambo, na kifurushi kilikwama njiani mpaka akaanza kufikiria kubadilisha utafiti wake. (Kwa wanachama wetu wa kilimo: plasmidi ni kipande cha DNA kilicho duara, ukikiingiza ndani ya bakteria, wanakitolea nakala kila wanapozaana.) Alilitaja jambo hilo wakati wa chai katika mkutano wetu wa Maseno. Mwenzetu mmoja akaweka kikombe chini: “Si hiyo ninayo!”

Hakumpa papo hapo, na alifanya vyema. Plasmidi ile aliipata kwa mkataba unaomkataza kumpa mtu wa tatu bila idhini ya aliyeitoa. Tukamwandikia mwenyewe, akakubali kwa jibu la mistari miwili. Ndipo mwenzetu alipodondosha tone kwenye karatasi ya kuchujia, akalizungushia penseli kwa kuwa likikauka halionekani, akaitia bahasha, na bahasha ikapanda matatu hadi Bondo bila hata kipande cha barafu. Binti alikata ndani ya duara, akaloweka kwa maji kidogo, akaingiza kwenye bakteria na kuwapaka kwenye kisahani chenye ampisilini, dawa inayowaua bakteria wasioipokea plasmidi hiyo. Asubuhi yake alinitumia picha: vidoa vyeupe kama chembe za sembe, kisahani kizima.

Shida yake si ngeni. Addgene, hazina ya plasmidi iliyoanzishwa Marekani mwaka 2004, ilizaliwa baada ya Melina Fan kuhangaika kupata plasmidi za wenzake alipokuwa mwanafunzi Harvard. Leo ina plasmidi zaidi ya 100,000. Kamati inapendekeza kwamba zile tunazotengeneza sisi wenyewe, taasisi zetu zikiridhia, zitolewe kwa mkataba wa OpenMTA wa mwaka 2018, unaomruhusu anayepokea kumpa mwingine na hata kuzitumia kibiashara.

Hapo ndipo mzee wetu wa Nakuru aliposimama katika kikao cha Julai na kuuliza: tutagawa hadi lini, na wengine wanachuma? Ana haki ya kuuliza. Mwaka 2004 shirika letu la wanyamapori, KWS, lililalamika hadharani kwamba vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya maziwa yetu ya magadi vinauzwa ng'ambo na Kenya haipati kitu. Tangu hapo tuna kanuni za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki, na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu rasilimali hizo, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2014. Hazikatazi kugawana. Zinadai ruhusa iombwe mapema na faida ipatanwe kabla sampuli haijaondoka. Mimi naona kinachotuibia ni kile kinachotoka mkononi bila maandishi, hata kama kimetolewa kwa moyo mweupe.

Na hukohuko kwa mzee, Njoro, tunapokea pia. Nchi nyingi huleta ngano zao katika kituo cha KALRO, shirika letu la utafiti wa kilimo, zipimwe dhidi ya kutu ya shina ya Ug99, ugonjwa uliotambuliwa Uganda mwaka 1999. Mbegu za Robin na Eagle 10 ambazo mkulima wa Kenya amezipanda zilitokana na ngano za kigeni zilizogawiwa kwa njia hiyo.

Jambo moja halina mjadala: vimelea vya magonjwa hatari havisafiri kwa bahasha wala kwa matatu. Vina taratibu zake, na atakayezikiuka kamati haitamtetea.

Kuhusu fedha, mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, nawashukuru.

Fomu ya orodha ya sampuli iko kwa katibu, ukurasa mmoja tu: una nini, ilitoka wapi, kwa mkataba gani, na nakala yake iko maabara ipi. Hiyo nafasi ya nne ikibaki tupu, tutakutafutia pa kuiweka.

Fundi yule alirudi Dunga mwezi wa Septemba na chupa zake. Safari hii kila sampuli inagawanywa mara mbili, nusu ikibaki Kisumu na nusu ikipelekwa Kakamega wiki hiyohiyo. Usenge bado hajafika, na anahitaji mtu wa kwenda naye. Mwenye nafasi amwone leo kabla hatujatawanyika. Ameketi kule nyuma karibu na dirisha.