Barua kwa madereva wa daladala: hicho kiti kinawamaliza

Marahaba wanangu wa usukani, wa Mbagala, wa Gongo la Mboto, na nyie madeiwaka mnaovizia gari stendi. Mzee wenu nimeshastaafu ila bado nawaona, na vitambi navyo naviona.

Kuna daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, mwaka 1953 alitoa utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva kutwa amekaa, konda anapanda anashuka ngazi anakata tiketi. Gari moja, moshi mmoja, ila madereva ndo walikuwa wanapata zaidi ugonjwa wa moyo. Baadae jamaa akapekua mpaka saizi za suruali za yunifomu, akakuta madereva viuno vikubwa tangu wanaanza kazi, kwa hiyo sio kiti peke yake, tuseme ukweli. Lakini tafiti zilizofuata zimeonesha kweli kutembea kunaulinda moyo.

Sasa nyie asubuhi supu na chapati, mchana kiepe yai na soda, usiku enaji. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 35, vijiko vya chai vinane na zaidi, nani anaweka hivyo kwenye chai yake? Msuli ukifanya kazi unaivuta sukari kwenye damu, ila ukikaa tu inabaki inazunguka, kongosho linahangaika kumwaga insulini, ile homoni ya kuitoa sukari kwenye damu, mpaka linachoka, na sukari nyingine inageuka mafuta ya tumbo na ini. Konda kala kiepe hichohicho ila yeye kutwa yuko mlangoni anarukaruka.

Sisemi mwende jimu, hesabu ya tajiri yenyewe mnaitafuta kwa tochi. Gari ikiwa kwenye foleni ya kupakia shuka, zunguka stendi dakika 10 kwa haraka, hasa ukishakula. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, kumi mara tatu kwa siku, siku tano, imetimia. Kwa mama ntilie omba dona, maharage na mchicha mwingi, chumvi ya kunyunyiza mezani acheni. Na maji jamani! Najua mnaogopa kubanwa katikati ya foleni, basi kunywa ukifika mwisho wa ruti, pita chooni ndo uondoke.

Halafu presha haiumi, kapimeni. Ukikuta 140 kwa 90 inajirudia usiniambie ni uchovu wa foleni, muone daktari, na mlioanzishiwa dawa msiache kisa mmeanza kutembea.

Mzee wenu, dereva mstaafu.