Mjomba anataka niache uhandisi wa petroli, nami niko mwaka wa tatu

Shangazi, shikamoo.

Nimesoma majibu yako kwa wenzangu kwa muda mrefu, leo nimefikwa mimi. Naomba unijibu mapema ukiweza, kwani mwisho wa kurudisha fomu za kubadili kozi ni wiki tatu kutoka sasa.

Nasoma shahada ya kwanza ya uhandisi wa petroli, ya miaka minne. Miaka miwili ya mwanzo ilikuwa hesabu, fizikia, kemia na michoro, karibu sawa na wanafunzi wengine wote wa uhandisi. Mwaka huu ndipo tumeingia kwenye kozi yenyewe: jiolojia ya mafuta, uchimbaji wa visima, na namna mafuta, gesi na maji vinavyokaa na kutembea ndani ya mwamba.

Ada yangu analipa mjomba, kaka yake mama. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na tangu hapo mjomba ndiye baba. Kozi hii aliikubali kwa shingo upande. Hajasahau Aprili 20, 2020, siku ambayo mafuta ya Marekani ya mkataba wa Mei, yaani ya kupokelewa mwezi Mei, yalifunga soko kwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa. Watu walikuwa wamejifungia majumbani kwa sababu ya korona, maghala yakawa yanajaa, na mwenye mafuta akawa anamlipa mtu ili ayachukue. Mjomba huuliza: biashara ya namna hiyo mtoto anaijengeaje maisha? Sasa amesikia kwamba waliomaliza mwaka jana, wale wenye alama nzuri kabisa, mmoja anafundisha hesabu kwa mkataba na mwingine yuko kwao tu. Anataka nihamie uhandisi mitambo.

Nikihama, mwaka ujao wa masomo nitaanzia mwaka wa pili badala ya wa nne, kwa hiyo nitamaliza miaka miwili nyuma ya wenzangu. Na nyuma yangu kuna wadogo zangu wawili wanaoutegemea mfuko huohuo wa mjomba. Hilo linaninyima usingizi kuliko yote.

Ila, Shangazi, kozi hii naipenda. Muhula uliopita maabara walitupa kipande cha jiwe la mchanga, yaani mchanga ulioshikamana ukawa mwamba, cha mviringo, upana milimita 38, urefu sentimita 5. Ukikishika ni kigumu, ukikigonga mezani kinalia. Tulikikausha kwenye tanuri, tukakipima, tukakiweka kwenye chombo na kuvuta hewa yote, kisha tukaruhusu maji ya chumvi yaingie. Kesho yake tukakipima tena: kimeongezeka gramu 12. Tukapiga hesabu, tukakuta sehemu moja ya tano ya jiwe lile ilikuwa nafasi tupu. Nilikaa nalo mkononi hadi fundi wa maabara akaja kuzima taa.

Halafu mhadhiri akatueleza kwamba kanuni tunayotumia kukokotoa mafuta yanavyopita kwenye mwamba aliigundua Mfaransa Henry Darcy, akaichapisha mwaka 1856, kwa kupitisha maji kwenye mchanga. Maji, Shangazi, si mafuta. Kisima cha mafuta cha Drake kule Titusville, Marekani, kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa biashara ya mafuta ya kisasa, kilikuja baadaye, mwaka 1859. Hapo nikaelewa kuwa ninachosoma ni vimiminika na gesi ndani ya mwamba, viwe mafuta, viwe maji ya moto ya jotoardhi, au hewa ukaa inayosukumwa chini ya bahari ibaki hukohuko, kama Norwei inavyofanya kwenye eneo la Sleipner tangu mwaka 1996.

Nilimweleza mjomba yote haya kwa simu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Kwenye cheti wataandika nini?"

Wataandika petroli. Sikuwa na jibu.

Mhadhiri wangu anashauri nibaki, mradi wa mwaka wa mwisho niufanye kuhusu jotoardhi, halafu nitafute shahada ya pili. Ushauri mzuri, lakini shahada ya pili nayo inataka mlipaji, na siwezi kumwambia mjomba aanze upya.

Naomba unisaidie mambo mawili. Nibaki au nihame? Na nikibaki, nimwambieje mjomba bila kuonekana mtoto asiye na shukrani? Sijawahi kumkatalia jambo. Fomu ameshaitia saini sehemu ya mlezi na kunirudishia, imebaki sehemu yangu.

Na kama kuna msomaji aliyehitimu kozi hii kisha akapata kazi nje ya mafuta, namwomba sana aniandikie. Nataka kujua kwenye usaili walimuuliza nini kuhusu hilo jina la petroli, na yeye alijibu nini.

Mwanao,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu